Pauni Themanini na Tano

Nilimkuta nje ya stesheni ya Hull, mvua ikipiga ubavuni,
kijana wa kofia ya sufu; Craig, kwa kauli yake.
Hakutaka tusogee penye taa.
Nikamhesabia pauni themanini na tano,
noti zinazonuka gundi ya kiwandani
ninakobandika madirisha ya vijumba vya magurudumu,
nikapanda basi nimeipakata kama mkate wa moto.

Batuli aliipima kwa kiganja kabla hajaitazama.
"Nyepesi, Baba."
Nikasema wepesi ni ufundi.
Akaigeuza, akaonyesha tundu la buluu la skrini za zamani:
"Kadi za rika hili zilishaliacha."
Nikasema labda ni nyongeza.
Stika ilikaa upogo, herufi moja nene kuliko nduguze.
Nikasema hata cheti changu cha kuzaliwa kilichapwa upogo.

Tukaichomeka. Kompyuta ikaamini upesi kuliko mimi,
ikaandika jina kubwa, kumbukumbu gigabaiti sita.
Nikapiga makofi. Yeye hakupiga.
"Imesema tu."
Akafungua programu ya kuijaza kumbukumbu,
kama mtu ajazaye mtungi alioambiwa hauvuji.
Gigabaiti ya kwanza, feni ikaguna.
Ya pili haikufika:
mistari ya kijani, miraba ya zambarau,
kisha kiza, na ndani ya kioo cheusi sisi wawili,
mimi mdomo wazi.

Nilitaka iwe waya; nikabadili waya.
Nilitaka iwe vumbi; nikapuliza hadi kizunguzungu.
Nikailaumu kompyuta, ambayo haikunikosea kitu.
Saa sita usiku binti yangu akaleta bisibisi.
"Basi tuiulize yenyewe."

Skrubu nne. Kipoza-joto kikabanduka kwa shingo upande,
chini yake ute mkavu kama uji wa jana.
Pamba, spiriti, polepole,
na kwenye chipu, dogo, limechongwa kwa leza,
jina ambalo hakuna aliyejisumbua kulifuta:
kadi ya mwaka ule Batuli alipoanza chekechea.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio,
mama alikuwa akisema, akimsema shangazi.

Namba ya Craig haipatikani.
Na kilichonikaa kooni si pauni,
ingawa ni zamu nzima ya madirisha,
ni vile nilivyoitetea.

Ijumaa Batuli aliisaka programu yake ya asili,
akaiandika upya, akaiwasha.
Ikajitaja kwa jina lake. Gigabaiti moja.
Tukaijaza. Haikuzima.
Feni ilizunguka kama mtu aliyevua viatu vya kubana.
Lakini majengo anayochora chuoni haiwezi kuyabeba;
yatangoja mshahara, na safari hii ataenda yeye kununua,
mimi nitashika mwavuli.

Nilibandika plasta nyeupe ubavuni mwa kadi,
nikaandika kwa kalamu nzito: jina, umri, kasoro.
Jumamosi Bi. Audrey wa namba kumi na tisa akaja kuitazama;
kompyuta ya marehemu mumewe haitoi picha,
naye anataka kucheza karata tu.
Pauni sita.
"Ina ubaya gani?" akauliza, akiipima kwa kiganja.
Nikaanza na lile tundu la buluu.
Basi la zamu ya mchana likapita, nikiwa bado kwenye stika.