Mtoto wa Jicho Moja

Kituo cha mabasi Oruro, saa nne usiku.
Utingo ananyoosha mkono: mizigo yote butini!
Nampa gunia la viazi vikavu,
nampa stendi yangu ya miguu mitatu.
Cha mgongoni simpi.
"Huyu ni mtoto," namwambia,
na uongo unanitoka mwepesi
kama mvuke wa pumzi kwenye baridi hii.

Nimeifunga kamera kama mama alivyonifunga mimi:
soksi ya sufu kwenye lenzi,
juu yake sweta la mpwa wangu Wayra, lililobaki kifungo kimoja,
kisha aguayo ya mistari myekundu,
fundo kifuani, uzito mgongoni.
Bado ina deni la miezi kumi na moja.
Mtoto gani huzaliwa na deni?
Wengi, nadhani.

Nawajua wafanyakazi wa njia hii.
Mmoja hukumwagia haradali begani,
mwenziwe huja na leso, pole dada, pole,
akakupangusa
mpaka ukapanguswa kweli.
Mwingine hulala sakafuni kama mlevi,
wembe wake ukiwa macho.
Kaka yangu Fermín aliweka mkoba kwenye rafu ya juu,
akaukumbatia kwa macho hadi Challapata.
Macho hayana mikono.
Aliyeshuka nao hakuaga.

Kwa hiyo: nauli ya kurudi iko ndani ya kiatu.
Noti mbili kuukuu mfuko wa mbele, sadaka ya mwizi,
asirudi kwao mikono mitupu akanikasirikia.
Na ile kadi ndogo, harusi nzima ya Huanuni,
nimeitia ndani ya mkate.

Kiti cha kumi na saba. Kando yangu
doña Casimira, muuza vitunguu,
sketi tano, kofia ya duara, harufu ya soko zima.
"Ana miezi mingapi?"
"Kumi na moja."
"Mtulivu."
"Mno."
"Kafanana na baba?"
"Baba yake Mjapani."
Akatikisa kichwa polepole, kama mtu
aliyekwisha kusikia makubwa zaidi.

Akanikaribisha jibini. Nikala.
Mkate wangu ukabaki mapajani, nikaona haya:
nitamgawiaje,
na ndani yake bibi harusi anacheka?

Taa zikazimwa. Vioo vikaota barafu kwa ndani.
Nilijiapiza kutolala.
Nililala.

Niliamka mgongo ukiwa mwepesi.
Hujawahi kusikia wepesi ukikulemea namna ile.
Nikapapasa kiti, sakafu, giza.
Mbele, kiti cha tisa, mwanamume analia:
begi lake limepasuliwa tumbo, safi,
kama samaki wa mama mpishi.

"Yuko huku," akasema doña Casimira.
Alikuwa amempakata, amemfunika kwa shali.
"Ulikuwa unamlalia. Watoto wa aina hii huvunjika.
Kijana mmoja kapita mara mbili, mkono mrefu.
Nikamwambia mtoto ana surua."

Nilikosa la kusema.
Yeye akavua kofia, akafunua bitana kidogo tu:
pesa za vitunguu, zimekunjwa nyembamba kama majani ya chai.
Akaivaa tena.
Hakuna aliyemwambia mwenzake "nakuamini."

Sucre kulipambazuka kweupe.
Nikaumega mkate upande usio na harusi,
tukala tumesimama, utingo akirusha magunia.
Kisha nikafungua fundo,
sweta, soksi.
Doña Casimira akaiweka kofia sawa,
akalitazama lile jicho moja bila kupepesa,
kama mtu anayemdai mtoto shukrani.

Mtoto, usiku kucha kimya,
akalia mara moja tu, kwa ufupi,
kama kifungo kinachoachia.