Runo, Julai

Mwaka huu Runo hakurukia ndani ya buti.
Aliweka miguu ya mbele, akanitazama,
nami nikamwinulia ya nyuma kama gunia la viazi,
sote wawili tukijifanya ni mchezo.
Njia nzima kutoka Ljubljana alilala.

Milima bado ina theluji masikioni.
Bi Rozalija, mwenye uwanja wa mahema,
anauliza lile la kila mwaka: "Huyu mbwa anauma?"
Anauma mkate wako tu, bibi, ukiusahau mezani.

Zamani alikuwa akijitosa kabla sijazima injini,
akarudi na tawi refu kuliko mlango,
akajikung'uta juu ya magazeti ya watalii.
Leo anasimama, ziwa likimfika vifundoni,
anainusa baridi ile,
anaisoma polepole kama barua ya mtu anayemfahamu.

Bata wanapita karibu. Wameshajua.

Basi navua viatu.
Naingia, kiunoni, kifuani, meno yakigongana,
namwita,
si kwa sauti ya amri.

Anakuja.
Kichwa tu juu ya maji, pua kama kizibo,
na chini, pasipoonekana,
miguu ile ile iliyozigomea ngazi za nyumbani
inakimbia.