Limevunjika, Limevunjwa

Darasani Lembah Sentang, mwaka wa mvua nyingi,
chaki ililowa kabla ya kugusa ubao.
Nani kavunja dirisha? akauliza Mwalimu Saodah.
Nikasimama: Limevunjika, Cikgu.
Manati bado i mfukoni mwangu, mpira wake unachungulia.
“Limevunjika ni la upepo. La kwako limevunjwa.
Kimalei kina *ter-* na kina *di-*, viambishi vifupi kuliko ulimi wako:
kimoja humficha mtenda, kimoja humtafuta.
Andika mara hamsini.”
Niliandika arubaini na tisa.
Alihesabu.

Baba yake, Kulub mgema mpira, aliwahi kusomewa kesi
kwa Kiingereza, Ipoh, mbele ya hakimu mwenye mafua.
Aliitikia ndiyo kila alipotazamwa.
Jioni alirudi na kisu cha kugemea tu, bila miti ya kugema.
Majirani walisema, shamba limepotea, pole.
Binti, miaka tisa, hakusema kitu.
Miaka ishirini baadaye alichana shuka la kitanda,
akalipaka rangi, akaandamana nalo hadi ngazi za mahakama ile ile:
LUGHA YETU IINGIE KWA MLANGO WA MBELE.

Ndipo chama kikamtaka.
Kampeni ikaangukia msimu wa durian; alihutubia sokoni
kati ya maganda ya miiba na pikipiki,
na kabla ya kupanda jukwaani alitoa kalamu nyekundu
akasahihisha bango lenye picha yake mwenyewe.
Watu walicheka, kisha wakampa kura.

Mimi nilikwisha kuajiriwa Kuala Lumpur,
mwandishi wa kumbukumbu za Bunge, meza ya chini kabisa,
masikio mawili na kola inayokaba.
Rasimu ya hotuba yake ya kwanza ilinirudia na maksi:
*Sita juu ya kumi. Koma zako zinakimbia. Bado una manati?*

Nimeandika maelfu ya kurasa. Huu mmoja naujua kwa moyo.
Ilikuwa skuli ya Kitamili kwenye shamba la mpira,
ambako Mwalimu Arokiasamy hufundisha hesabu akihamisha madawati
kulifuata eneo kavu, kama mtu anayefuata kivuli.
Waziri alisema: paa hilo limevunjika, tutalitazama.
Akasimama.
“Bwana Spika, halikuvunjika. Limevunjwa,
na bajeti tatu mfululizo, kwa mikono iliyonyooshwa humu,
mmoja wao huu.”
Akauinua mkono wake. Ulikuwa na chaki ukuchani, naapa,
ingawa alikuwa hajafundisha kwa miaka sita.
Kelele zikatoka upande wake mwenyewe:
Si wewe uliyebeba shuka kwa ajili ya Kimalei?
“Ndiye. Nilidai lugha yangu ipewe kiti.
Sikudai mtoto wa mtu anyang'anywe mkeka.”

Niliandika: (*Vurugu.*) Ndivyo kanuni zinavyotaka.
Neno moja, mabano mawili, na ndani yake watu wote wale.

Uchaguzi uliofuata, orodha ya wagombea ikatoka bila jina lake.
Gazeti likasema limesahaulika kwa bahati mbaya.
Aligombea peke yake, alama yake taa ya karabai,
akashindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Mia mbili na kumi na tatu, alidai yeye:
sanduku la shambani lilihesabiwa gizani.

Kumbukumbu ya mwisho niliipiga chapa mwenyewe:
*Mheshimiwa wa Lembah Sentang ameondoka Bungeni.*
Nikamtumia, kwa heshima. Masahihisho yalikuwa yameshafungwa.
Bahasha ikarudi baada ya wiki tatu, ikinuka mpira na mvua.
Herufi chache zimekatwa, chache zimeongezwa,
wino ule ule:
*ameondolewa.*

Na chini, katika kona, bila maksi yoyote:
*Paa limeezekwa. Uliza na nani.*
Sijauliza bado.