Daftari la Barabara ya Kumi na Nne

Shangazi aliandika majina kwa wino,
bei akaziandika kwa penseli.
"Mtu ukimfuta umemkosea," alisema.
"Kodi haina haya. Ifute tu."

Nyumba aliyoniachia ina vyumba sita,
vitatu kulia, vitatu kushoto,
korido ya saruji iliyong'arishwa na nyayo,
uwani choo kimoja, na mita ya umeme
tunayonuniana juu yake kila mwisho wa wiki.
Leo nasoma chumba cha tatu kushoto,
kile kinachopokea joto la jikoni.

Shekiondo, wa kiwanda cha kamba.
Kumi na tano elfu. Kumi na mbili. Nane.
Zimefutwa, lakini makovu yake yasomeka.
Mkonge ulikosa mnunuzi,
kiwanda kikapunguza zamu, kisha watu,
kisha taa ya getini,
na penseli ya shangazi ikateremka nao polepole
kama amshikaye mgonjwa mkono kwenye ngazi.
Mwezi mmoja ameandika: magunia mawili ya mkaa.
Mwezi uliofuata: ameaga.
Deni halikuandikwa. Najua lilikuwapo.

Kisha mwaka wa barakoa,
simu zikaja kutoka kila mji.
Arusha, alisema binamu yangu Mwanaasha,
hoteli zimelala, wapangaji wanahama usiku na vitanda vyao,
na yule mama mwenye nyumba, wa miezi sita mbele,
sasa anabembeleza wa mwezi mmoja,
maji juu yake.
Dar, vibao vya "chumba kinapangishwa"
vilining'inia hadi jua likavinyonya rangi.
Na waliotoka huko walirudi hapa,
kwa wajomba, na magodoro,
na Ngamiani tuliyozoea kuambiwa imelala
chumba kikagombaniwa kama nyama ya Idi.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe risiti.
Thelathini, aliandika shangazi. Thelathini na tano.
Akafuta. Ishirini na nane.
Hapo karatasi imekwaruzwa. Hapo aliona haya.

Jana alikuja dalali, wanamwita Kasuku,
pikipiki hakuizima.
"Wageni wa bomba la mafuta wanataka chumba chenye vigae.
Laki na nusu. Mwaka mzima, mkononi.
Bei si yako wala yangu, dada. Mji umepanda."
Nikamwuliza: umepanda juu ya nini?
Akacheka, akaniachia namba
nyuma ya vocha iliyokwanguliwa.

Nisijitie utakatifu. Namba sikuitupa.
Bati la upande wa kusini linavuja,
Mbwana ana ada ya kidato cha tano,
na usiku nimepiga hesabu ya vigae
mara mbili, nikipunguza fundi.

Chumbani yumo Paskalina, nesi wa kujitolea,
elfu arobaini, anayoilipa vipande viwili,
cha pili kikija kimekunjwa kidogo sana
kama dawa ya mtoto.
Unga umepanda, gesi imepanda, nauli imepanda.
Yeye tu ndiye hajapanda.
Usiku hupiga pasi sare yake nyeupe
na taa za nyumba nzima hufifia kidogo,
na hakuna anayesema.

Daftari limejaa. Yeye nilimwandika
nyuma ya ukurasa wa kwanza,
pale palipofutwa hadi pakawa ganda la kitunguu.
Nikiuinua kwenye mwanga
jina la Shekiondo latokeza upande huu, kinyumenyume,
limelala juu ya lake.

Kesho tarehe moja.
Penseli nimeichonga, imekuwa fupi mno kushikika.
Uwani Paskalina anaanika mashuka
kwenye kamba ya mkonge
ambayo mtu fulani aliifunga hapo zamani,
akaondoka,
na haijakatika.