Huu Uache, Fundi

Weka sururu chini kwanza, fundi Mfaume.
Chai ipo, muhogo umeiva,
na kazi ya kubomoa haijawahi kumkimbia mtu.

Najua mlivyopatana na mume wangu:
jiko la zamani chini lote,
udongo ukafukie shimo la barabarani,
halafu hapa isimame sebule
ya tofali za inchi tano, bati la bluu,
madirisha ya vioo yanayoteleza.
Korosho za msimu uliopita zimelipa. Nani apinge?
Nimeziokota mimi, mgongo unazijua moja moja.

Ila huu ukuta mmoja, wa magharibi,
njoo uuguse.
Si kwa ncha za vidole. Kiganja chote.

Saa hizi ni saa nne asubuhi, na una baridi, sivyo?
Ni baridi ya jana usiku,
ile iliyopanda na upepo kutoka bonde la Ruvuma
tukajitanda kanga mbili mbili.
Umeiweka.
Rudi saa tisa, jua likiuchapa kwa nje:
ndani bado haujapata habari.
Habari inaingia saa tatu usiku,
polepole, kama barua iliyozungukia Masasi,
wakati Newala yote imeshakunja mikono kwapani.
Hapo ndipo unaponong'ona:
nilikuwa na kitu kidogo, nilikiweka.
Akiba haiozi, twasema, na tunawaza fedha tu.

Nyumba mpya haina kifua, fundi, usikasirike.
Lolote inaloambiwa na jua, papo hapo imelisema.
Novemba, saa saba, bati linaalika kama bisi kikaangoni,
feni inakoroga joto lilelile,
na LUKU inahesabu.
Ijumaa naingiza umeme wa elfu tano,
Jumatatu kitaa chekundu kinanikonyeza.
Ikifika Juni, jua likizama tu, imeshasahau.
Mwezi uliopita tuliingiza jiko la mkaa chumbani,
nikaacha mlango wazi kwa kuiogopa ile hewa yake.
Baridi ikaona mlango, ikaingia, ikalala nasi.
Usiku wa tatu nikambeba Nasma na mkeka
tukaja kulala hapa, migongo ukutani.
Mume wangu alidhani nimenuna.

Mama mkwe ndiye aliyeukanda.
Udongo mwekundu, nyasi zilizokatwakatwa,
maji ya bondeni kichwani, ndoo moja nusu siku.
Aliukanyaga ana mimba ya miezi saba,
kwa miguu iliyovimba,
hadi ukafika unene wa dhiraa nzima.
Mimba ile ndiyo huyo bwana
aliyekuita uje na sururu.

Basi sikiliza, kabla hajarudi kutoka kupulizia salfa.
Huu uache. Sebule iuegemee.
Bati lirefushe hatua mbili, mvua isiulambe.
Usiupake saruji; chokaa na udongo vinautosha.
Tofali za kuta nyingine zilaze, usizisimamishe.
Zitaongezeka mia tatu na arobaini,
nimepiga hesabu nyuma ya daftari la Nasma,
na feni nitaiuza.
Dari tutashona magunia ya korosho,
sindano ninayo.

Mwambie wazo ni lako.
Likitoka kwa fundi atalipokea.
Likitoka kwangu litakuwa ushamba.

Mbona hunywi? Imepoa?
Ndicho kikombe cha bati hicho.