Kuchambua

Mama alikuwa akichambua maharage Kiwira
bila kuyatazama.
Vidole vilijua: hili la njano, hili limetobolewa na fukusi,
hili ni jiwe lililojifanya haragwe.
Gunia zima kabla kengele ya pili haijalia,
na umbea juu yake.

Sasa mkono wa kulia unatetemeka wenyewe pajani
kama kifaranga kilicholoa.
"Nimeukalia," ananiambia kwenye simu. "Umetulia."

Mimi niko Mbeya, chumba cha nyuma, hospitalini.
Juni. Ukungu umeshuka Loleza hadi kwenye vioo.
Nachambua seli.

Zamani walisaga ubongo wa panya mzimamzima,
njano na nyekundu na mawe, kinu kimoja,
kisha wakauuliza unga: nani kati yenu alisema nini?
Unga haujibu.
Unga ni wastani.

Kwa hiyo natafuta zile chache tu,
zinazokaa chini kabisa, kwenye weusi wa ubongo wa kati,
zinazotengeneza dopamini.
Tumezitia alama; ukizimulika kwa buluu zinang'aa kijani.
Moja.
Nyingine.
Kisha nusu saa bila hata moja,
nami nakumbuka: jicho likichoka, acha,
maharage yote huwa rangi moja.

Watu hudhani kila seli ina kitabu chake.
Hapana. Ni kwaya ya Jumapili kule Rungwe:
kitabu kilekile mikononi mwa wote,
lakini shangazi Tusekile anapaa na mstari wa juu,
mzee Asangalwisye anauburuza wa chini,
na kuna kurasa hazijafunguliwa tangu kitabu kinunuliwe.
Seli ya ini imebeba wimbo wa jicho
na haitauimba kamwe.

Mimi nafuata sauti moja wakati wote wanaimba.
Naokota nakala, vijikaratasi vinavyoyeyuka ukivizubalia,
nahesabu:
ukurasa huu umesomwa mara mia nne,
huu mara tisa,
huu kimya.

Saa nane na dakika kumi usiku umeme ukakatika.
Ipyana alikimbia na boksi la barafu kifuani
kama aliyeokota mtoto wa mtu.
Jenereta likakohoa, likakubali.

Katika panya wagonjwa kuna ukurasa mmoja
ambao seli hizi zimeacha kuusoma
majuma kadhaa kabla ya kufa,
zikiwa bado zinang'aa vizuri tu.
Panya watatu.
Watatu si ushahidi, ni tetesi.
Nimeandika hivyo daftarini, nikapigia mstari.

Alfajiri nikampigia. "Ugonile, mama."
Nikamweleza kwaya, kurasa, ile kijani.
Akanyamaza. Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo,
moja,
nyingine,
kisha mengi kwa pamoja, bila kukusudiwa.
"Na hao panya," akauliza, "mnawalisha nini?"
Nikamwambia.
"Haya. Subiri kidogo," akasema,
"nibadili mkono."