Nukta Baharini

Kila kitu cha Orvokki kina nukta yake kwenye kioo.
Winchi mbili ziko kanisani, zinapandisha kengele.
Kijiko kidogo kipo Tornio, kimelala tangu Ijumaa:
mteja ana homa, au ana deni.
Ngazi ndefu imo ghalani, safu ya tatu,
ingawa safu ya tatu, ukienda kutazama, ina ndoo tu.

Programu haijui kusitasita. Kwake yote ni ipo.
Orvokki, miaka kumi na tisa kwenye kaunta hii,
anajua kuna ipo ya kugusa kwa kiganja,
kuna iko ya huko, ya kukisia,
na kuna imo, usiyoiona mpaka ufungue mlango.

Leo jenereta namba arobaini na saba
iko baharini.
Si ufukoni. Baharini, kilomita nne kutoka gatini,
nukta ya kijani, tuli, haielei wala haizami.
Amezima kompyuta, akawasha. Bado.
Amekodi: Eljas Vuontela, siku mbili.
Hii ni ya kumi na moja.
Simu inaita mpaka inachoka.

Basi akavaa viatu vya manyoya, akachukua risiti,
akashuka hadi gatini,
akaendelea kutembea.
Mwezi wa pili, hapa Kemi, bahari ni sakafu.
Ramani ndiyo iliyosahau kuganda.

Alikisikia kabla ya kuiona: kile kikohozi chake,
cha plagi aliyoisugua mwenyewe Novemba.
Kisha waya, kibanda, tundu kwenye barafu,
na Eljas kapiga magoti, anateremsha balbu majini
taratibu, kama daktari anayemulika koo la mtoto.

“Umeangusha nini?”
Akageuka, mkono mdomoni, mashavu yamebonyea.
Akagonga ufizi kwa kidole.
Meno. Ya juu na ya chini, siku ile ya kwanza,
alipomcheka samaki.
Ndiyo maana simu hapokei.
“Yamo,” akasema, “yamo humo,”
neno lisilohitaji meno.

Jioni programu inadai mtaa na namba ya nyumba.
Anaandika: Barafuni. Inakataa, inapiga wekundu.
Anaandika jina la gati, anaongeza wiki bila malipo,
na chini, kwenye kisanduku cha maoni kisichosomwa na mtu:
irudishwe kabla ya Aprili,
ramani isije ikawa kweli.